Herufi za pikseli zikitoka na ukungu: dalili, vyanzo na marekebisho

Kata ya Ng'hong'honha, hapa Dodoma, ina jina la herufi 11 na apostrofi 2. Ukiliandika kwa fonti ya pikseli ambayo kila alama huchukua upana wa pikseli 8, jina zima linameza pikseli 104. Hilo ndilo neno ninalopimia fonti yoyote kabla sijaitumia kwenye mchoro wa pikseli, maana karibu kila kasoro ninayoletewa na vijana wanaochora michezo ya simu, stika za bodaboda na nembo za fulana hujitokeza ndani yake: kingo za kijivu, apostrofi iliyogeuka kisanduku, herufi zilizobanwa mpaka h na n zikafanana.

Chanzo ni kimoja chenye sura nyingi. Katika mchoro wa pikseli, kila pikseli, yaani kila kitone, ama ina rangi kamili ama haina. Programu za kuchora zimetengenezwa ili mstari uonekane laini, kwa hiyo ukingo wa herufi ukipita katikati ya pikseli, programu huipaka pikseli hiyo rangi nusu. Kwenye bango kubwa jambo hilo hupendeza. Kwenye herufi yenye kimo cha pikseli 7, nusu ya herufi inageuka kivuli. Kazi yako ni kutambua ni hatua ipi iliyoingiza rangi hiyo nusu: kuandika, kusogeza, kukuza, kuhifadhi, kutuma, au kutazama tu.

Anza hapa hata kama una haraka

Tengeneza nakala ya faili kwanza. Kisha kuza mwonekano hadi asilimia 800, chukua zana ya kudonoa rangi na uguse pikseli tatu nne za ukingo wa herufi. Ukikuta rangi ya herufi na rangi ya mandhari peke yake, faili ni safi na shida iko kwenye utazamaji. Ukikuta rangi za katikati, ukungu umeingia ndani ya faili.

Kipimo hiki ni cha dakika moja. Nimemwona kijana akichora upya menyu nzima ya mchezo wake, kazi ya siku mbili, kumbe herufi zake hazikuwa na kosa: alikuwa akizitazama kwa asilimia 67, na hapo programu inalazimika kubana pikseli tatu ziwe mbili. Tazama kwa 100, 200, 400 au 800. Namba za katikati zinadanganya.

Dalili: kingo zina vumbi la kijivu

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na mara nyingi dawa yake ni kubofya mara moja.

Sababu ya kwanza ni kwamba ulainishaji wa kingo umewashwa kwenye zana ya maandishi yenyewe. Wengi huuzima kwenye brashi wakadhani wamemaliza, lakini zana ya maandishi ina mpangilio wake. Katika programu ya kuchora ya GIMP, chagua zana ya maandishi, tazama chaguo zake na uondoe alama kwenye Antialiasing. Katika Photoshop, kwenye mstari wa juu wa zana hiyo kuna orodha yenye None, Sharp, Crisp, Strong na Smooth, chagua None. Jina Sharp huwapotosha watu kwa kuwa linamaanisha kali, lakini nalo hulainisha. Clip Studio Paint ina mpangilio huo kwenye sifa za zana ya maandishi. Aseprite, iliyotengenezwa kwa ajili ya pikseli tangu mwanzo, nayo ina kisanduku chake unapoingiza maandishi. Hakikisha hakina alama.

Sababu ya pili: maandishi ni safi, ila kuna kitu kingine kilichopita juu yake. Ulifuta kipande kwa kifutio laini, au uliongeza mstari kwa Paintbrush badala ya Pencil. Katika GIMP zana hizi mbili zinafanana sana machoni, lakini Pencil haina ulainishaji na Paintbrush inao. Kifutio nacho kina alama ya Hard edge, iweke. Vilevile kagua zana za uteuzi: ukikata herufi kwa uteuzi wenye kingo zilizolainishwa, unaihamisha pamoja na ukungu wake.

Sababu ya tatu ni programu inayoshughulikia maandishi kama vekta, yaani mistari ya kihesabu badala ya vitone, kama Krita, au programu ya simu isiyo na mahali pa kuzima ulainishaji. Hapa kuna njia ya kuzunguka inayofanya kazi karibu kila mahali. Andika kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe, unganisha leya (matabaka ya mchoro) kwenye nakala, kisha tumia kichujio cha Threshold. Kichujio hiki hugawa kila pikseli kuwa nyeusi au nyeupe kwa kizingiti kati ya 0 na 255. Anza na 128 na usogeze polepole ukiangalia matundu ya herufi: a na e ndizo huziba mapema. Ukisharidhika, futa nyeupe na upake rangi unayotaka.

Kama leya tayari imeunganishwa na herufi zina uwazi kidogo kwenye kingo, GIMP ina Threshold Alpha ndani ya Layer, Transparency. Inafanya kazi hiyo hiyo kwa uwazi badala ya weusi. Ikikataa, angalia kama uwazi wa leya umefungwa.

Simama hapa kama kilichobaki ni picha bapa, herufi zimekaa juu ya mandhari yenye rangi nyingi, na faili yenye leya haipo tena. Hakuna kichujio kitakachotenganisha rangi nusu ya herufi na rangi ya mandhari bila kula kimojawapo. Itafute faili ya awali kwa aliyeitengeneza, au ichore upya sehemu ile.

Dalili: hakuna kijivu, lakini herufi zimevunjika

Umezima ulainishaji na sasa h ina mguu mmoja mnene na mwingine mwembamba, s imepinda kama waya, e imeziba. Usirudi kuwasha ulainishaji! Kuzima hakukuleta kasoro hii, kumeifichua tu.

Mara nyingi fonti si ya pikseli. Arial, Times na wenzake ni michoro ya mikunjo; zikibanwa katika pikseli 8, programu inakisia ni kitone kipi kiwake na kipi kizimwe. GIMP ina orodha ya Hinting inayosaidia makisio hayo, na ukichagua Full unaweza kupata nafuu. Nafuu tu. Tiba ni kutumia fonti iliyochorwa kitone kwa kitone, kama Press Start 2P, Silkscreen au VT323, zote zinapatikana bure kwenye Google Fonts.

Sababu inayofuata inawakamata hata wazoefu: fonti ni ya pikseli, ukubwa sio wake. Kila fonti ya aina hii ina ukubwa wa kuzaliwa. Press Start 2P ni 8, VT323 ni 16. Zitumie kwa ukubwa huo au mara mbili, mara tatu yake. Press Start 2P kwenye 10 au 12 lazima ivunjike, kwa sababu kitone kimoja hakiwezi kuwa kitone kimoja na robo.

Nyuma yake kuna mtego wa pointi na pikseli. Ukiandika 8 huku kipimo kikiwa pointi, matokeo hutegemea msongamano wa faili, yaani pikseli ngapi zinahesabiwa kwa inchi. Kwenye 72 kwa inchi, pointi 8 ni pikseli 8. Kwenye 96 inakuwa 10.67. Kwenye 300, ambayo wengi huichagua kwa kuwa wameambiwa ni nzuri kwa kuchapa, inakuwa 33.3. Badili kipimo cha maandishi kiwe pikseli, au weka faili kwenye 72. Idadi ya pikseli za mchoro wako haipungui kwa kubadili namba hiyo, mradi uzime Resample, yaani ukokotoaji upya wa pikseli, unapoibadili.

Halafu kuna kubana. Maneno ya Kiswahili ni marefu kuliko vitufe tunavyoviiga kutoka kwenye michezo ya nje. Mipangilio ina herufi 10, yaani pikseli 80 kwa fonti ya 8. Kitufe kikiwa na 64, mtu huvuta maandishi kwa pembeni yaingie, na hapo umbo linakufa. Panua kitufe, tumia fonti nyembamba zaidi, au tafuta neno fupi. Kubana herufi si chaguo.

Ikiwa umbo ni zuri ila nafasi kati ya herufi haziko sawa, tazama kerning, mpangilio wa nafasi kati ya herufi na herufi, na uiweke 0. Katika Photoshop, fungua menyu ya paneli ya Character na uzime Fractional Widths, maana ikiwaka inaruhusu herufi ikae katikati ya pikseli mbili.

Dalili: kingo zina nyekundu na bluu

Hiyo ni ClearType ya Windows, au teknolojia ya aina yake. Kila pikseli ya kioo ina vijisehemu vitatu, nyekundu, kijani na bluu, na mfumo huviwasha kimoja kimoja ili herufi ionekane laini. Utaikuta kwenye picha za skrini na kwenye maandishi ya Paint. Tafuta ClearType kwenye menyu ya Start, ondoa alama, kisha andika upya. Maandishi yaliyokwisha kuingia na rangi hizo hayatajirekebisha. Yapeleke kwenye rangi mbili kwa Threshold, au yafute uanze tena.

Dalili: apostrofi imegeuka kisanduku, au herufi moja haifanani na wenzake

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu miongozo mingi iliandikwa na watu ambao lugha zao hazina tatizo hili.

Kiswahili kina bahati kwenye pikseli. Hakina alama juu ya vokali, hakitumii q wala x, na c huja na h tu. Fonti yoyote ya Kilatini inakitosha, isipokuwa kwenye ng'. Ukiandika Chang'ombe kwenye Word au kwa kibodi ya simu kisha ukabandika, mara nyingi apostrofi iliyonyooka hubadilishwa iwe iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni alama tofauti kabisa. Fonti ndogo nyingi hazina ile iliyopinda. Matokeo yake unapata kisanduku, au programu inaazima alama hiyo kutoka fonti nyingine, nayo inakuja na umbo geni. Ifute na uiandike moja kwa moja ndani ya programu ya kuchora. Ikiwa una maandishi mengi, zima ubadilishaji huo kwenye AutoCorrect ya Word kabla hujaanza.

Apostrofi ikishakubali, inakuja kasoro ya pili: pengo. Kwenye fonti ambayo kila alama ina pikseli 8, apostrofi nyembamba inabeba nafasi tupu, na Chang'ombe inasomeka kama maneno mawili. Geuza maandishi kuwa leya ya kawaida, teua ombe, na ulisogeze kushoto pikseli 4 kwa mishale ya kibodi. Kwa Ng'hong'honha unafanya hivyo mara mbili na jina linashuka kutoka 104 hadi 96. Siwezi kukueleza jinsi jina la mtaa wa mtu linavyobadilika likiandikwa vizuri. Wenye mtaa huona papo hapo.

Lugha ya Kirangi ni mtihani mkubwa zaidi. Mtu wa Kondoa anayetengeneza mchezo kuhusu michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ana haki ya kuweka lugha yake kwenye kioo. Lakini jina lenyewe la lugha hiyo, Kɨlaangi, lina ɨ, na ipo pia ʉ. Usikubali kuandika i na u za kawaida eti fonti haina nyingine, kwa kuwa hizo ni vokali tofauti na zinabadili maana. Zichore mwenyewe.

Kwa ɨ, acha nukta juu, ruka pikseli moja, kisha chora mguu wa pikseli 5 na kijistari cha pikseli 3 kinachoukata mguu huo kwenye safu yake ya tatu. Ukikipandisha hadi safu ya kwanza, itasomeka kama t. Kwa ʉ, kijistari cha safu ya tatu kivuke miguu yote miwili na kitokeze pikseli moja kila upande. Kisipotokeza, jicho huona kisanduku chenye mfuniko. Ukimaliza, wape watu wanaoandika Kirangi wazisome kabla ya kuchapisha. Hapo ndipo penye kumwita mtaalamu, na mtaalamu ni mwalimu au mzee anayeisoma lugha hiyo, si fundi wa kompyuta.

Kuhusu kuchora kwa mkono kwa jumla: kama una maneno chini ya ishirini, usihangaike na fonti. Gridi ya 5 kwa 7 inatosha herufi zote. Ukishuka hadi upana wa 3, jihadhari na m na w. Kiswahili kimejaa mw: mwanzo, mwisho, mwalimu, Mwenge. Ndani ya pikseli 3, herufi hizo mbili huwa matofali. Zipe 5 hata kama nyingine zina 3, na neno zima litasomeka.

Dalili: zilikuwa safi, zikaharibika baada ya kusogezwa au kukuzwa

Kagua kwanza namna ya kukuza. Katika GIMP, Interpolation iwe None. Katika Photoshop, Resample iwe Nearest Neighbor. Tumia mara kamili: asilimia 200, 300, 400. Turubai ya 160 kwa 90 ikikuzwa mara 12 inakuwa 1920 kwa 1080 kamili, ndiyo maana ninaipenda. Asilimia 150 itanenepesha baadhi ya vitone na kuacha vingine, hata ukiweka mpangilio sahihi.

Kama hukukuza, huenda uliweka maandishi katikati. Neno lenye upana wa pikseli 45 kwenye kitufe cha 80 linaacha 35, na nusu yake ni 17.5. Programu nyingine huliweka hapo hapo kwenye nusu, na ukingo wote unakuwa kijivu. Sogeza kwa mkono hadi 17 au 18.

Kuzungusha ni sababu ya mwisho. Nyuzi 90 na 180 hazina madhara. Nyuzi 15 zinavunja herufi bila kujali mpangilio. Chora upya neno kwa mshazari.

Dalili: kila kitu kina ukungu, pamoja na menyu za programu

Kioo hakiko kwenye ukubwa wake wa asili. Kioo cha 1366 kwa 768 kirudishwe kwenye namba hizo hizo. Kompyuta nyingi huja zikiwa na ukuzaji wa asilimia 125 wa Windows, nao hufanya programu za zamani zionekane zimefifia. Kwenye steshenari zenye kioo cha mezani kinachotumia waya wa VGA, kaza waya, kisha bonyeza Auto kwenye kioo. Isipobadilika, jaribu waya mwingine. Baada ya hapo simama na umwite fundi. Usifungue kioo mwenyewe, hata kikiwa kimechomolewa, kwa sababu sehemu ya umeme ndani yake inaweza kubaki na chaji ya kukudhuru.

Dalili: kwangu safi, kwa mteja ukungu

Ulihifadhi JPEG. Muundo huo hugawa picha kwenye viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na kukadiria yaliyomo, kwa hiyo herufi kali huzungukwa na vijidoa. Hifadhi PNG. JPEG iliyokwisha kuharibika ukiihifadhi upya kama PNG inabaki vilevile, sasa ikiwa nzito zaidi.

Kama ni PNG, uliza imetumwaje. WhatsApp hubana picha inayotumwa kama picha. Itume kama hati. Ikiwa inafifia ndani ya mchezo, tazama injini, yaani programu inayoendesha mchezo: katika Unity, Filter Mode iwe Point na ubanaji uzimwe, katika Godot, kichujio cha picha kiwe Nearest. Kwenye ukurasa wa wavuti, ongeza image-rendering: pixelated kwenye CSS ya picha hiyo.

Kwa uchapaji, usimpelekee mchapaji faili ya pikseli 160 ukamwachia aikuze. Programu yake italainisha kwa wema kabisa. Ikuze mwenyewe mara 20 iwe 3200, ambayo kwenye 300 kwa inchi inatoa upana wa sentimita 27 hivi, kisha umwambie achape kwa ukubwa huo bila kuinyoosha. Omba kipande kimoja cha majaribio kabla ya fulana hamsini. Kikitoka na ukungu na faili yako imepita kile kipimo cha asilimia 800, usiendelee kubadili faili: kaa na fundi wa mashine, mwombe azime ulainishaji upande wake, na mchape kipande kingine mkiwa mmesimama wote hapo.